Hugin: kuweka pointi zinazoshika kati ya picha za panorama

Maswali yanayokuja ni yale yale. "Nimepiga maghorofa ya Posta nikiwa ng'ambo ya Kigamboni, mbona jengo moja limetoka mara mbili?" "Programu yenyewe imeweka pointi mia mbili, mbona picha bado hazikai?" "Nimepiga sebule ya nyumba ya kupangisha, ukuta umepinda." Karibu kila mara tatizo liko kwenye pointi, yaani zile alama za jozi zinazoiambia programu kwamba kitu hiki kwenye picha hii ndicho kile kile kwenye picha ya jirani. Zikikaa vizuri, kazi iliyobaki ni ya kompyuta. Zikikaa vibaya, hakuna kitufe cha kukuokoa.

Hapa tunatumia Hugin, programu ya kuunganisha picha kadhaa kuwa panorama, yaani picha moja pana, kwa sababu ni ya bure na inakubali Windows, Linux na Mac. Mwenye PTGui, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, anaweza kufuata pia. Zote mbili zina asili yake kwenye Panorama Tools, programu za panorama zilizoandikwa na Helmut Dersch, hivyo mantiki ya pointi haitofautiani, ila vitufe vimekaa kwingine. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili uyaone haraka.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. GB 4 inaweza, lakini kwa picha chache na uvumilivu mwingi.
- Kipanya. Kuweka pointi kwa kidole kwenye laptopu ni kujitesa bure.
- Picha halisi kutoka kwenye simu au kamera. Picha zilizopita WhatsApp kwa njia ya kawaida zimebanwa na zimepoteza taarifa za lenzi. Kama ni lazima zipite huko, zitumwe kama dokumenti, au tumia waya wa USB.
- Urefu wa fokasi wa lenzi yako, yaani namba ya milimita inayoonyesha lenzi inaona upana kiasi gani. Simu nyingi, kwenye kamera kuu, ziko kati ya milimita 24 na 28 kwa kipimo cha filamu ya 35 mm.

Picha zilaliane kama bati za paa, angalau asilimia 30 ya upana kila upande. Chini ya asilimia 20 utabaki na ukanda mwembamba, tena ukanda huo uko pembeni mwa lenzi, mahali picha inapopinda zaidi. Simu ya milimita 26 ikisimama wima inaona takriban nyuzi 50 kwa upana. Ukilaza asilimia 30, kila picha mpya inakuongezea nyuzi 35 tu. Kwa hiyo nusu mzunguko unahitaji picha 5 au 6, na mzunguko kamili 11 au 12. Anayekuja na picha tatu akitaka nyuzi 180 arudi akapige upya.

Jambo la pili la kupigia picha, na ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi: izungushe simu kwenye lenzi yake, usiizungushe kwa kunyoosha mikono na kugeuka mwili mzima. Ukigeuka mwili, lenzi inasafiri. Tuseme imesafiri sentimita 30. Jengo lililo mita 200 mbele litahama kama pikseli 5 kwenye picha yenye upana wa pikseli 3000, na hizo hutaziona. Lakini nguzo iliyo mita 2 kutoka ulipo itahama zaidi ya pikseli 500. Hiyo ndiyo paralaksi, na pointi hazina dawa yake. Ukiwa ufukweni unaangalia mbali, mkono unatosha. Ukiwa ndani ya chumba, tafuta stendi, na lenzi ikae juu ya mhimili wa stendi.

Ushauri wa pembeni kwa wanaopiga upande wa Kivukoni na Magogoni: Ikulu iko hapo hapo. Panga picha zako zisiielekee, wala maeneo ya jeshi.

Hatua kwa hatua

1. Weka picha zote kwenye folda moja na uzipe mfuatano. Faili la mradi wa Hugin lenye mwisho wa .pto lihifadhi kwenye folda hiyo hiyo. Faili hilo halibebi picha, linakumbuka zilipo tu. Ukihamisha folda baadaye, hamisha yote pamoja.

2. Badili muonekano wa programu. Hugin hufunguka na dirisha rahisi lenye vitufe vitatu vikubwa. Wengi huishia hapo. Nenda menyu ya "Interface", chagua "Advanced". Dirisha la pili litafunguka lenye vichupo, na viwili utakavyoviishi ni "Photos" na "Control Points".

3. Ingiza picha. Kama taarifa za lenzi zipo, Hugin itazisoma yenyewe. Kama hazipo, itakuuliza. Andika urefu wa fokasi kwa kipimo cha 35 mm, kwa mfano 26, na kwenye kizidishi andika 1. Usibuni namba. Ukiiambia programu lenzi inaona nyuzi 90 wakati inaona 50, kila pointi nzuri utakayoweka itaonekana ina kosa, nawe utaanza kufuta zile zilizo sahihi.

4. Iache programu itafute pointi kwanza. Kwenye "Photos", acha chaguo la CPFind (kitafuta pointi cha Hugin) kama lilivyo, bofya "Create control points" na usubiri. Usianze kwa mkono. Kazi ya mkono ni kurekebisha na kujazia palipokosekana.

5. Kagua jozi moja baada ya nyingine. Fungua "Control Points". Utaona picha mbili, kushoto na kulia, na chini yake orodha ya pointi za jozi hiyo. Anza na picha ya 0 na ya 1, kisha 1 na 2, hivyo hivyo hadi mwisho. Hugin huhesabu kuanzia sifuri, usidhani picha ya kwanza imepotea.

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tulia. Programu inalinganisha mabaka madogo ya picha, haijui kipi ni nini. Kwenye mandhari ya Dar mitego ni mingi, na inajirudia:

Mawingu. Yanakwenda kati ya picha na picha, hasa upepo wa bahari ukivuma. Hugin ina chombo kiitwacho Celeste kinachoondoa pointi zilizodondoka kwenye mawingu, lakini pitia kwa macho pia.

Maji, boti na pantoni. Pantoni kati ya Magogoni na Kigamboni haisimami kukusubiri. Pointi iliyoshika mlingoti wake itaonekana nzuri kabisa ukiitazama, kwa sababu ni mlingoti ule ule. Ila umeshahama. Futa. Fanya hivyo kwa bodaboda, bajaji, mabasi ya mwendokasi, watu, na vivuli vyao.

Majani ya minazi. Shina la mnazi karibu na ardhi linafaa, makuti ya juu hayafai.

Vitu vinavyofanana. Hivi ni hatari kuliko vyote, kwa sababu si rahisi kuviona. Madirisha ya ghorofa za Kariakoo yamepangwa sawasawa, dirisha la tano na la sita halina tofauti. Kontena za bandarini, migongo ya bati, vigae vya sakafu, nondo za madirisha, matofali ya uzio: programu inaweza kushika kigae cha tatu hapa na cha nne pale, tena kwa pointi kumi zinazokubaliana zenyewe kwa zenyewe. Tafuta kitu kisicho na pacha, kama kiyoyozi cha nje, bango, kona ya jengo, dishi, au doa kwenye ukuta, kisha hesabu kutoka hapo. Kwenye ghorofa, hesabu kutoka juu kushuka, kwa kuwa chini mara nyingi pamefichwa na miti na magari.

6. Ongeza pointi kwa mkono palipo na upungufu. Vuta picha hadi asilimia 100. Kwenye muonekano mdogo unabahatisha tu. Bofya kitu kwenye picha ya kushoto, kisha kitu hicho hicho kwenye picha ya kulia. Tumia "Fine-tune" ili programu isogeze alama hadi sehemu inayolingana zaidi. Angalia kwa macho kwamba haijaruka kwenda kwa jirani, kisha bofya "Add".

Chagua kona, usichague mstari. Ukiweka pointi katikati ya ukingo wa paa, alama inaweza kuteleza huku na huku bila wewe kujua. Pale paa linapokutana na ukuta haina pa kutelezea.

Pointi ngapi? Tano hadi nane nzuri kwa kila jozi zinatosha, lakini zitawanye: juu, katikati na chini ya eneo linalolaliana. Pointi thelathini zilizorundikana juu ya bango moja zina nguvu ya pointi moja, maana sehemu nyingine yote ya picha inabaki huru kuzunguka. Na kama vitu vya karibu na vya mbali vyote vimo, chagua vya mbali. Ukichanganya, programu itatafuta wastani na kuharibu vyote viwili.

7. Weka mistari wima. Kwenye kichupo hicho hicho, chagua picha moja pande zote mbili, kushoto na kulia. Bofya sehemu ya juu ya ukingo wa jengo upande mmoja na sehemu ya chini ya ukingo huo huo upande wa pili. Aina ya pointi iwe ya mstari wima. Fanya hivyo kwenye picha mbili au tatu zilizo mbali moja na nyingine, moja kila mwisho wa panorama. Mnara wa kanisa la Azania Front unafaa, nguzo ya umeme iliyoinama haifai. Mistari hii ndiyo inayozuia panorama nzima isipande na kushuka.

8. Kokotoa, kwa awamu. Rudi "Photos", sehemu ya chini. Kwenye hesabu za jiometri chagua lile la "Positions" linaloanza kwenye picha ya nanga (ile isiyosogezwa, ambayo nyingine hupangwa kwa kuifuata) na kwenda hatua kwa hatua, bofya "Calculate". Likikaa, nenda "Positions and Barrel Distortion", linalorekebisha pia kupinda kwa lenzi. "Positions, View and Barrel", linalobadilisha na upeo wa kuona wa lenzi, liache hadi mwisho, na litumie tu kama una mzunguko kamili au pointi nyingi zilizotawanyika. Wanaoanza hukimbilia chaguo lenye mambo mengi wakidhani ndilo bora. Kadiri unavyoiachia programu vitu vingi vya kubadilisha, ndivyo inavyoweza kuficha pointi mbovu kwa kuipinda lenzi.

9. Soma jedwali la pointi. Bonyeza F3. Jedwali linaonyesha kila pointi na umbali wa kosa lake kwa pikseli. Bofya kichwa cha safu ya umbali ili kubwa zikae pamoja. Kwa stendi nzuri, tafuta wastani chini ya pikseli 1 au 2. Kwa mkono, 3 hadi 4 si mbaya. Ikizidi 5, kuna kitu.

Sasa usifute kwa pupa. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu kazi waliyokwisha kuifanya vizuri. Pointi yenye kosa kubwa si lazima iwe ndiyo mbovu. Kama jozi ina pointi nane na sita zimeshika dirisha la jirani, zile mbili za kweli ndizo zitakazokuwa juu ya jedwali. Ukizifuta, wastani unashuka vizuri sana na picha inakuwa mbovu kabisa. Bofya mstari kwenye jedwali, Hugin itakupeleka kwenye pointi hiyo; itazame kwa macho, ndipo uamue.

Na kinyume chake: wastani mdogo haumaanishi kazi nzuri. Picha moja ina vitu vitatu vya kutafutwa, yaani kugeuka kushoto na kulia, kuinama, na kulala upande. Kila pointi ya kawaida inatoa vipimo viwili. Kwa hiyo jozi yenye pointi mbili tu karibu itoshee chochote, na kosa litasomeka dogo hata kama moja si sahihi. Jozi ya pointi mbili ikikuonyesha 0.3, usiiamini. Ongeza.

10. Angalia kwenye dirisha la awali (preview), lile lililofunguka kwanza, kisha unganisha. Kichupo cha "Layout" kinaonyesha picha zimeunganishwa na zipi kwa mistari ya rangi. Ya kijani ni nzuri, nyekundu ina kosa kubwa, na ya kijivu maana yake picha zinalaliana lakini hazina pointi kati yake. Kijivu ukirudie. Ukiridhika, hifadhi mradi kwanza, ndipo uanze kuunganisha. Umeme ukikatika katikati, utarudia kuunganisha tu, pointi zako zitakuwa salama.

Vyumba vya ndani

Madalali na wenye nyumba za wageni wanauliza sana hili. Ukuta mweupe hauna cha kushika, kwa hiyo programu inarudi na pointi sifuri au na pointi za vigae tu. Kabla ya kupiga, tundika kanga au bandika kurasa za gazeti katika kila sehemu ambayo picha mbili zitalaliana. Kama hutaki zionekane, piga mzunguko mmoja nazo na mwingine bila, stendi isiguswe. Tafuta pointi kwenye mzunguko wa kwanza, kisha tumia mpangilio huo kwa wa pili. Pangaboi lizimwe na mapazia yafungwe yasipepee. Runinga pia izimwe.

Mambo yakigoma

*Hugin inasema kuna makundi ya picha yasiyounganishwa.* Itakutajia namba, kwa mfano 0, 1, 2 upande mmoja na 3, 4 upande mwingine. Fungua jozi ya 2 na 3, weka pointi tano kwa mkono, kokotoa upya. Kama hakuna kitu cha pamoja kati ya picha hizo, hazilaliani, na hapo hakuna njia ya mkato.

*Picha moja imeruka juu au imegeuka kichwa chini.* Pointi za jozi hiyo zimeshika vitu viwili tofauti. Futa zote za jozi hiyo, weka tano mpya, kokotoa tangu "Positions". Ni haraka kuliko kumtafuta mkosaji mmoja mmoja.

*Picha zimekuwa ndogo mno au kubwa mno baada ya kukokotoa.* Uliruhusu upeo wa kuona ubadilike wakati pointi hazitoshi. Rudisha urefu wa fokasi uliokuwa mwanzo na ukokotoe "Positions" pekee.

*Mbali kumekaa vizuri, karibu kumekatika.* Paralaksi. Futa pointi za vitu vya karibu ili ya mbali yakae sawa, kisha kwenye kichupo cha "Masks" ziba kitu cha karibu katika picha moja ili kichukuliwe chote kutoka picha ya pili.

*Gari au mtu ametoka nusu.* Pointi hazihusiki. Tumia maski vivyo hivyo.

*Upeo wa bahari una ngazi kwenye viungo.* Picha za Coco Beach zinazoangalia bahari tupu hazina pa kushika, na pointi za mawimbi ni bure. Weka pointi za mstari mlalo kwenye upeo wa kila picha. Hizo zitanyoosha kimo na ulalo, lakini hazitasema picha iende kushoto au kulia kiasi gani. Hapo sogeza kwa mkono kwenye dirisha la awali, kichupo cha kuburuta, ukiangalia mawingu na mapovu. Ukipiga tena, jitahidi kila picha ishike kipande cha mchanga, jiwe au kisiwa. Mbudya na Bongoyo zikionekana pembeni ya fremu mbili zilizofuatana, pointi tatu nne juu ya miti yake zinamaliza kazi.

*Kuunganisha kunachukua muda mrefu au programu inajifunga.* Kwenye "Stitcher" punguza ukubwa wa panorama hadi nusu ya upana uliopendekezwa, na funga kivinjari cha intaneti kabla ya kuanza. Upana wa pikseli 6000 unatosha kwa mtandaoni, na hata kwa chapa ya sentimita 50 kwa nukta 300 kwa inchi.